INJINI ILIYOCHOKA NI YA NANI?

Kijana wa Lushoto aendeshaye pikipiki kwa mkataba hupeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku au kila juma, kwa muda wa mwaka mmoja au zaidi, mpaka fedha walizokubaliana zitimie. Siku akabidhiwapo kadi hupongezwa na wenzake kijiweni, na ni haki yake kupongezwa. Lakini aghalabu chombo anachokabidhiwa kimekwisha kupanda kutoka Mombo hadi Soni, na Soni hadi Lushoto, mara zisizo na hesabu, kikiwa na abiria na matenga ya kabichi juu yake, na injini yake imechoka. Basi kazi yake ya kwanza akiwa mwenye mali ni kuishusha injini hiyo uani kwake na kuifumua. Wako watu walionalo jambo hili kuwa ni shauri la spana na grisi tu. Sisi twaliona kuwa ni shauri la haki ya mfanyakazi.

Tuseme wazi kwamba hatuwadharau mafundi wa uani. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoitambua pikipiki kuwa chombo cha kubeba abiria kwa malipo, watu wa Mlalo, Mtae na Bumbuli wamepata usafiri hata kwenye njia ambazo basi haliwezi kupita, na mafundi hao ndio wanaoufanya usafiri huo uendelee. Pikipiki nyingi za Kichina zina injini iliyofuata mfano wa Honda CG125 ya mwaka 1976, ambayo valvu zake husukumwa kwa vijiti, wala haina mnyororo wa ndani wa kuzungusha kemu. Ni injini ya kufunguliwa kwa vyombo vichache na kufungwa tena. Waliobuni walijua vema itafunguliwa wapi.

Lakini kabla ya kufungua chochote, yafaa kijana ajiulize kama injini imechoka kweli. Mji wa Lushoto uko kiasi cha meta 1,400 juu ya bahari, na hewa ya huko ina kanieneo pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga pwani. Injini yoyote isiyo na msaada wa kusukumiwa hewa hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, hata ikiwa mpya. Zaidi ya hayo kabureta iliyopangwa kwa hewa ya pwani humwaga petroli nyingi mno milimani, plagi ikawa nyeusi, na mwenye chombo akadhani pistoni imekwisha. Chujio la hewa, jeti ya kabureta, nafasi ya valvu na pleti za klachi vichunguzwe kwanza. Mara nyingi ugonjwa wote uko hapo.

Dalili ya uchovu wa kweli huonekana kwenye mteremko. Mtu akishuka na gia huku amefunga mafuta, injini huvuta kwa nguvu, na kama ringi zimelika au miongozo ya valvu imepanuka, oili hunyonywa ndani. Akifungua mafuta tena huko chini, moshi wa buluu hutoka. Hapo hapana ubishi tena, injini ifumuliwe.

Na ikifumuliwa, ifumuliwe kwa kipimo. Desturi iliyoenea ya kusugua silinda kwa msasa na kuweka ringi mpya haifai kabisa. Silinda iliyolika haibaki duara kamili, na ringi mpya ndani ya tundu lenye umbo la yai haiwezi kuziba. Baada ya wiki chache moshi hurudi, na fedha za kijana zimekwenda. Silinda yapasa kupimwa kwa maikromita, kisha ipanuliwe kwa mashine mpaka ifikie pistoni ya ukubwa unaofuata, yaani nyongeza ya milimita 0.25, 0.50, 0.75 au 1.00. Ringi isukumwe ndani ya silinda na nafasi kati ya ncha zake ipimwe. Kwa injini ndogo kama hizi ni robo ya milimita hivi. Haya si mambo ya kukadiria kwa jicho.

Sasa tuje kwenye tamaa ya kukuza injini. Vijana wengi wakishafungua injini ya 125 hutaka kuifunga ikiwa 150. Hesabu yake ni rahisi: pistoni ya CG125 ina upana wa milimita 56.5, na ukiweka ya milimita 62 katika mwendo ule ule wa milimita 49.5 unapata sentimeta za ujazo 149. Nguvu huongezeka, hatukatai. Lakini joto nalo huongezeka, krenki na klachi hubeba mzigo ambao hazikutengenezewa, breki hubaki zile zile, na kadi ya usajili inaendelea kutaja injini ya 125. Kijana akipata ajali, atamweleza nini askari, na atamweleza nini mtu wa bima? Atafutaye nguvu ya kupandia mlima aweke gia ya mbele yenye meno 14 mahali pa meno 15, naye atapata nyongeza ya asilimia 7 kwenye gurudumu bila kugusa injini. Mwendo wa tambarare utapungua kidogo, lakini Lushoto tambarare iko wapi?

Twakemea pia tabia ya kuzima injini kuanzia Lushoto na kuteremka hivyo hivyo mpaka Mombo ili kuokoa petroli. Mteremko huo ni wa kilometa 33 hivi. Breki za ngoma zikipata moto hupoteza nguvu, na injini, ambayo ndiyo breki ya pili, imezimwa. Petroli iliyookolewa haifikii bei ya bandeji.

Twarudi kwenye mkataba. Injini iliyofumuliwa huhitaji kilometa 500 za upole, bila mizigo mizito, na oili ibadilishwe mapema. Kijana ambaye injini imemfia katikati ya mkataba hawezi kuipa upole huo, kwa sababu hesabu haingoji. Huifunga usiku, na alfajiri yuko Lukozi anapakia karoti. Mwenye chombo hupokea shilingi zake kamili, na uchakavu wote huwa wa mwendeshaji.

Kwa hiyo twapendekeza mambo mawili. Mikataba iandikwe kwamba gharama ya kufumua injini kabla ya makabidhiano wanagawana nusu kwa nusu, na kwamba hesabu inasimama kwa juma moja baada ya kazi hiyo. Na halmashauri, ambazo kwa sheria hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 ikiwa ya vijana, zikopeshe vikundi vya mafundi fedha za maikromita na mashine ya kupanulia silinda kwa moyo ule ule wanaokopeshea pikipiki mpya. Viongozi wa vijiwe wa Soni na Lushoto wanaweza kuanza na hilo la kwanza bila kungoja barua ya mtu yeyote.