Kadi Iko kwa Mkopeshaji

Semina za afya kazini huishia palepale: punguza chumvi, tembea nusu saa, acha mawazo. Na mtumishi akianguka kwa presha, wenzake hunong'ona kwamba hakujua kupanga mshahara wake. Imani hiyo, kwamba mwajiriwa akiugua kwa madeni basi amejitakia, ni ya kikatili, tena ni ya uongo.

Nimefundisha na mwalimu ambaye kadi yake ya benki ilikaa kwa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji alitangulia kwenye mashine, yeye akapewa kilichobaki. Deni lilianza na godoro, nauli na michango ya mtoto aliyekwenda bweni. Halijapoa, mama yake akalazwa. Mikopo hiyo mtaani tunaiita kausha damu, na jina hilo halina chumvi. Anayelala akihesabu tarehe halali. Moyo unamwenda mbio, mishipa inabana, asubuhi anaingia darasani na kichwa kizito. Kisha akaanza kumeza dawa za presha siku moja, kuruka siku moja, ili zifike mwisho wa mwezi. Nidhamu gani ingemwokoa? Huyu aliandika kwenye daftari hata karanga za shilingi mia.

Sheria ya Tanzania inataka makato yamwachie mtumishi walau theluthi moja ya mshahara. Lakini kadi iliyo mfukoni mwa mkopeshaji haionekani kwenye hati ya mshahara.

Kijana anayeanza kazi naye tunamwambia atazoea. Azoee nini, ikiwa Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kabla hajanunua kitanda, na kwao wanasubiri atume hela za wadogo zake?

Na wazee wetu wanaokaribia miaka 60, ambao tunadhani wamepumua? Kikokotoo cha pensheni cha 2022 kiliwashusha waliotarajia mkupuo wa asilimia 50 hadi 33. Mwaka 2024 ukapandishwa hadi 40. Aliyemwaga msingi wa nyumba kwa hesabu ya nusu, anastaafu msingi huo ukiwa umeota majani. Huyo naye tumpimie chumvi?

Basi semina ijayo, kabla daktari hajafunga mkono wa mtu kwa kipimo cha presha, chama cha wafanyakazi na mwajiri wakae na kila mmoja faraghani, wamuulize: kadi yako iko wapi?