Ndege Ikiwa Hoteli, Ikaguliwe Kama Hoteli
Mwaka 2009, jirani na uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, ilifunguliwa hosteli ya Jumbo Stay ndani ya Boeing 747 iliyoundwa mwaka 1976. Viti viling'olewa, ndege ikasafishwa yote, na mradi ukalazimika kupata kibali cha ujenzi na kutimiza masharti ya joto na nishati kama nyumba nyingine yoyote.

Utaratibu huo unafaa kuigwa popote.

Ndege iliyostaafu si ganda tupu. Rangi ya msingi inayozuia kutu mara nyingi huwa na kromati, na fundi anayeikwangua bila barakoa maalumu huvuta vumbi linaloweza kumletea saratani ya mapafu. Mikia ya baadhi ya 747 za zamani iliwekewa vizito vya urani. Mitungi ya oksijeni huweza kubaki na shinikizo kubwa. Mafuta ya haidroliki huwasha ngozi na macho. Yote hayo yaondolewe na wataalamu, kwa maandishi, kabla seremala hajaitwa.

Kisha kuna moto. Ndege kubwa ya abiria haipewi cheti mpaka ithibitike kuwa watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, nusu ya milango ikiwa imefungwa. Lakini abiria hao wako macho, na wahudumu wanawaongoza. Mgeni wa hoteli amelala, kuta za vyumba zimebana njia, na mlango uko mita kadhaa juu ya ardhi. Ving'ora vya moshi, taa za dharura na ngazi imara za nje viwe sharti la leseni, na zimamoto wakague kabla mgeni wa kwanza hajapokelewa.