SAUTI YA MLIMANI IWE YA NANI?

Katika vyuo vikuu vingi vya ng'ambo, mgeni afikapo langoni siku hizi mara nyingi hapokewi na mtu; hupokewa na chombo. Hupewa kidude kidogo cha kuning'iniza shingoni pamoja na vipokea sauti vya kuvaa masikioni, au huelekeza simu yake kwenye alama ya mraba iliyobandikwa ukutani, kisha huanza matembezi yake peke yake. Akifika mbele ya jengo hubonyeza namba iliyoandikwa hapo, na sauti humweleza jengo hilo lilijengwa lini na kazi gani hufanywa ndani yake. Vyombo vingine havihitaji hata kubonyezwa: kwa msaada wa setilaiti hutambua mahali aliposimama mgeni, vikaanza kusema vyenyewe. Desturi hii ilizidi kuenea tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipozuia watu kutembezwa kwa makundi.

Sisi hatuna ugomvi na chombo. Lakini chombo hakina maneno yake. Husema yale tu yaliyotiwa ndani yake na binadamu. Kwa hiyo chuo chetu chochote kitakachotaka kukitumia, na hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakina budi kujiuliza kwanza: ni sauti ya nani itakayosema, kwa lugha gani, na kumwambia nani?

Yafaa ikumbukwe kwamba jambo hili si jipya. Mwaka 1952 jumba la makumbusho la Stedelijk, katika mji wa Amsterdam nchini Uholanzi, liliwapa wageni wake vipokezi vidogo vya redio vilivyonasa maelezo yaliyorushwa humo humo ndani. Kwa kuwa wote walisikia maneno yale yale kwa wakati ule ule, kundi zima liligeuza nyuso kwenye picha moja, kisha likahamia picha ya pili kwa pamoja, mithili ya askari katika gwaride. Leo mgeni aweza kusimamisha sauti, kuirudia, au kuruka asipopataka. Hayo ni maendeleo ya kweli. Lakini hatari ya zamani bado ipo, nayo ni ya watu wengi kuongozwa na sauti moja wasiyoweza kuibishia.

Faida zake tunazikiri. Mlimani ni mahali papana, kilometa 13 hivi kutoka katikati ya jiji, na mtu asiyepajua hupotea upesi. Wako wazazi waliouza mazao ili watoto wao wasome pale, nao hawajui hata mlango wa maktaba uko upande gani. Wako makondakta wa daladala walitajao jina la chuo kutwa kucha, wasipate kuvuka zaidi ya kituo cha basi. Watu kama hawa huona haya kuuliza. Hudhani kwamba mahali pale ni pa wenyewe. Chombo cha sauti hakimcheki mtu kwa viatu vyake wala kwa matamshi yake. Humngoja mzee mwenye mwendo wa taratibu, humsomea asiyeona, na hufanya kazi siku ya Jumapili ofisi zikiwa zimefungwa. Kwa mtu wa namna hiyo, chombo hiki chaweza kuwa ufunguo.

Na ya kusikia si machache. Chuo hiki hakikuzaliwa mlimani. Kilianza mwezi Oktoba mwaka 1961, miezi miwili tu kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20, chini ya uangalizi wa Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, pamoja na Makerere na Nairobi. Mwaka 1964 kikahamia mlimani, na mwaka 1970 kikasimama peke yake, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wake wa kwanza. Hapo upo Ukumbi wa Nkrumah, ambao picha yake ilichapwa kwenye noti ya shilingi 500. Hapo ndipo alipofundisha Walter Rodney wa Guyana, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kikatoka mwaka 1972. Hapo ndipo aliposoma Yoweri Museveni kabla ya kuitawala Uganda. Hapo pia imesimama maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 2018, yenye nafasi ya wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja.

Jambo la kwanza tunalolidai ni lugha. Kiswahili kisiwe tafsiri iliyotiwa baadaye kwa kuwaridhisha watu, baada ya maelezo kutungwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watalii. Kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili iliishia Mlimani, ikawa chuo cha uchunguzi wa lugha ndani ya Chuo Kikuu mwaka 1964, na kazi yake ikazaa Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981. Itakuwa fedheha ya namna gani, mahali palipotengenezwa kamusi ya taifa, mkulima aambiwe habari za mahali hapo kwa maneno yaliyofasiriwa ovyo ovyo! Maelezo na yatungwe kwa Kiswahili tangu mwanzo. Lugha nyingine zifuate.

La pili ni ukweli. Vyuo vingi hutumia vyombo hivi kama matangazo ya biashara ya kuwavuta wanafunzi wapya, na tangazo halisemi kasoro. Lakini historia ya Mlimani ina siku zake za uchungu. Tarehe 22 Oktoba mwaka 1966 wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu kuipinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu aliwarudisha makwao kwa mamia, na papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha. Mgeni anayepitishwa mbele ya mabweni bila kuambiwa habari hizo amenyimwa somo kubwa kuliko yote: kwamba taifa liliwahi kuwauliza wasomi wake waziwazi wanamtumikia nani. Mwalimu alipata kumfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtoaji wa chakula kile anapokuja kuzuru, anastahili kupewa hesabu, si sifa tupu.

La tatu, na hili ndilo kubwa, ni sauti yenyewe. Katika gereza la zamani la Alcatraz nchini Marekani, mgeni huvaa vipokea sauti na kusikia waliokuwa wafungwa na waliokuwa askari wa gereza wakisimulia kwa vinywa vyao maisha ya mle ndani. Ikiwa gereza limeona thamani ya ushuhuda wa mtu wa kawaida, chuo kikuu kitashindwaje? Tunataka mgeni asimamapo mbele ya ukumbi amsikie fundi mwashi aliyechanganya saruji yake. Asimamapo mbele ya bwalo amsikie mpishi. Na mbele ya maktaba amsikie mtu aliyepanga vitabu miaka thelathini. Maprofesa nao waseme, kwa zamu yao. Chuo hakikujengwa kwa mihadhara peke yake.

Tunatazamia pingamizi mbili. Wapo watakaosema kila mtu ana simu, basi vyombo vya nini. Si kweli kwamba kila mtu ana simu ya kufaa, wala kwamba kila mwenye nayo ana fedha za bando. Chuo kiweke langoni vyombo vya kuazima bure, na mwenye simu yake atumie yake. Wapo pia watakaosema chombo kitaondoa haja ya kiongozi wa wageni. Hapo twapinga kwa nguvu. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na chombo hakiulizwi kikajibu. Mtoto wa sekondari anayetaka kujua kama binti wa mvuvi aweza kusomea uhandisi anahitaji kumwona mwanafunzi aliye hai, amtazame usoni, amjibu. Chombo kiwe msaidizi wa kiongozi; kisiwe sababu ya kumfukuza kazi.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, hunena wazee wetu. Wenyeji wa Mlimani nao watapona, kwani chuo kinacholazimika kujieleza kwa mkulima hulazimika kwanza kujielewa. Lakini wakati hautungoji. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 chuo kilipohamia mlimani mwaka 1964, leo amevuka 80. Vyombo vya sauti vyaweza kununuliwa mwaka wowote, dukani vimejaa. Sauti ya mzee huyo haiuzwi popote, na akifa haitanaswa tena. Basi kabla ya kuagiza chombo hata kimoja, chuo kiwatume vijana wake na vinasa sauti mpaka kwa waashi, wapishi na watunza vitabu waliobaki. Kazi hiyo ianze mwaka huu.