Soma Daftari Kabla ya Kuandika

Askari anayeshika lindo hakabidhiwi funguo peke yake. Hukabidhiwa na daftari, akasoma yaliyopita usiku kucha, ndipo naye akaandika lake. Asiyesoma huenda akamfungulia lango mtu aliyekatazwa kuingia saa moja tu kabla. Desturi hiyo ndiyo pia roho ya kazi ya vijana wengi wa Kigali, waandishi wa programu za kompyuta, ambao wazazi wao huwaona wameinamia mashine mchana na usiku wasijue wanashughulika na nini.

Tuchukue mfano wa OpenMRS, programu ya kutunzia kumbukumbu za wagonjwa. Kazi ya kuiunda ilianza mwaka 2004. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, nchini Kenya, na mwaka huo huo ikafika hospitali ya Rwinkwavu, mashariki ya Rwanda. Huandikwa na watu wa nchi nyingi, na maandishi yake yako wazi kwa yeyote atakaye kuyasoma. Je, watu wasioonana huandikaje kitabu kimoja pasipo kufutiana mistari?

Hutumia chombo kiitwacho Git, kilichobuniwa na Linus Torvalds mwaka 2005. Maandishi yote, pamoja na historia ya kila badiliko, huwekwa katika ghala lililo kwenye kompyuta ya mbali. Kila mfanyakazi huanza kwa kunakili ghala zima na historia yake. Kwa hiyo, hata ghala la mbali likiteketea, nakala iliyoko Kigali yaweza kulisimamisha tena. Lakini kazi mpya isiyopelekwa ghalani imo katika mashine moja tu. Mashine hiyo ikiibwa katika msongamano wa kituo cha mabasi cha Nyabugogo, jasho la juma zima limepotea.

Liko jambo moja linalowapotosha wanaoanza. Git hailichungulii ghala la mbali mpaka iamriwe. Habari ulizo nazo za ghala hilo ni za siku ile ulipochota mara ya mwisho. Kigali ikiwa saa mbili asubuhi, Eldoret ni saa tatu; yamkini mwenzako wa kule amekwisha kupeleka kazi yake nawe hujapata hata chai.

Basi utaratibu ni huu. Kwanza, chota: mabadiliko ya wenzako yatakuja karibu, na kazi yako haitaguswa. Pili, soma walichobadili. Tatu, unganisha yao na yako. Mahali ambapo wawili wamebadili mstari mmoja, Git husimama na kuwaachia wanadamu waamue. Nne, ijaribu programu uone kama ingali inafanya kazi. Tano, peleka.

Ukipeleka kabla ya kuchota, na ghalani mna kazi usiyo nayo, Git itakukatalia. Usikasirike, huyo ni mlinzi anayekuuliza kama umesoma daftari. Iko amri ya kulazimisha, na vijana wenye haraka huipenda. Amri hiyo huweka kazi yako mahali pa ile iliyokuwapo, na kazi ya mwenzako ikaondoka katika mfululizo bila kelele. Tuseme mwenzako alikuwa ameongeza mistari ya kumwonya mganga kwamba mgonjwa fulani hapatani na dawa fulani. Onyo hilo likitoweka, anayedhurika ni mgonjwa kitandani, ambaye hakuwahi kusikia jina la Git.

Jambo la mwisho ni siri. Ghala la namna hii ni la maandishi ya programu. Majina ya wagonjwa hayana nafasi humo, wala nywila. Neno la siri likishapelekwa, kulifuta kesho yake hakutoshi, kwa sababu historia imelihifadhi, na kila aliyenakili ghala analo. Dawa yake ni moja: badilisha nywila hiyo mara moja, kama vile kambi ibadilishavyo neno la lindo likishasikiwa na mgeni.

Nanyi wazazi, si lazima muijue lugha ya kompyuta ili mwasaidie wana wenu. Jioni, kabla mashine haijafungwa, mwulizeni kijana maswali mawili: je, leo umechota ya wenzako? Na yako umeyapeleka? Akijibu ndiyo kwa yote mawili, na alale salama. Akisita, mwacheni taa iwake kidogo, amalize makabidhiano.