Simu haikumfundisha mtu matusi

Imezoeleka kusemwa kwamba mtu mpole mtaani huwa mbogo akishika simu. Kauli hiyo inatupunguzia lawama, maana kosa linakuwa la mtandao na si la ulimi wetu. Lakini Alexander Bor na Michael Bang Petersen wa Chuo Kikuu cha Aarhus, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2022 kuhusu mijadala ya kisiasa nchini Marekani na Denmark, walikuta kwamba wanaotukana mtandaoni ni haohao wanaotukana ana kwa ana. Kilichozidi mtandaoni ni idadi ya wanaowasikia. Atakayesema kwamba ujasiri huo hutokana na kujificha nyuma ya jina bandia akumbuke mradi wa Umati, uliofuatilia lugha ya chuki mtandaoni kabla na baada ya uchaguzi wetu wa Kenya wa 2013: mengi ya maneno hayo yaliandikwa kwenye Facebook, na watu wanaotambulika.

Basi mbona mtaani kwetu Manyatta, Kisumu, hatusikii kila siku mtu akimtusi jirani kwa kabila lake au kwa umaskini wake? Itazame ploti ya kawaida: vyumba vimeelekeana, bomba ni moja, choo ni kimoja, kamba ya nguo ni ya wote. Ukimtukana Mama Akinyi bombani leo, kesho utasimama nyuma yake na mtungi wako. Mwenye ploti atasikia, na likizidi litafika kwa mzee wa mtaa. Na siku ukifiwa, Mama Akinyi huyohuyo ndiye unayemtazamia alete mchango wa matanga. Adabu yetu ya mtaani, kwa maoni yangu, inategemea zaidi watu wanaotuzunguka na kutudai kuliko wema wa moyo tunaojisifia. Mwanzoni mwa 2008, ulinzi huo wa majirani ulipovunjika katika ghasia za baada ya uchaguzi, maduka ya Kisumu yaliporwa na kuchomwa, na majirani wakahamishwa kwa sababu ya kabila, wakati Facebook ilikuwa bado ngeni kwa wengi wetu.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo nalichukulia kwa uzito wake. Juni 2024 vijana waliwakemea viongozi kwenye X na TikTok kwa maneno makali wakipinga Mswada wa Fedha, na tarehe 26 Rais akakataa kuutia saini. Wakubwa walilalamika kwamba vijana hawana adabu. Ikiwa adabu ni kumnyamazisha mnyonge, nani anaihitaji? Nakubali kabisa kwamba mwenye mamlaka hastahili kulindwa dhidi ya hasira ya anaowatoza kodi. Ila kumkemea mbunge kwa kura aliyopiga si sawa na kumdhalilisha binti wa jirani kwa umbo lake katika kundi la WhatsApp, naye hana walinzi wala msemaji.

Sheria tunazo, ile ya Utangamano ya 2008 na ile ya Uhalifu wa Kompyuta ya 2018, lakini mahakama haiwezi kuketi katika kila kundi. Vyama vyetu vya akiba tayari vina katiba zinazotoza faini kwa kuchelewa mkutanoni. Faini ya matusi kwenye kundi la chama iandikwe humohumo, na mweka hazina aidai mbele ya wanachama wote.