Baada ya arobaini
Arobaini ikishasomwa, mikeka hukunjwa na mfiwa hutarajiwa awe sawa. Mwili, hata hivyo, una kalenda yake ya kuzoea maisha mapya. Mwaka 2010 watafiti wa London walichapisha matokeo ya watu 96 waliojijengea kila mmoja tabia moja ndogo, mathalani kula tunda mchana: kwa wastani zilipita siku 66 ndipo jambo likawa mazoea yasiyohitaji kujisukuma, kwa wengine 18, na makadirio ya juu kabisa yakafika 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Mtasema wale hawakuwa msibani. Kweli, na ndiyo sababu mfiwa aongezewe muda, si mawaidha. Glasi ya maji kabla ya chai yatosha kuwa tabia ya kuanzia. Asiyepata usingizi wiki kadhaa, huyo apelekwe hospitali.