Kurekodi Si Kuhifadhi

Katika nchi hii ya Waha, tangu Buyungu hapa Kakonko hata Muhambwe na Heru, wako wazee wapigao inanga, wako mafundi wa ngoma, na wako akina mama wajuao nyimbo za harusi kwa Kiha ambacho sisi vijana twakielewa nusu nusu. Kila mtu husema zisipotee. Ukimwuliza afanyeje, hukujibu, "Mrekodi kwa simu." Mimi nasema kurekodi si kuhifadhi.

Katika kijiji chetu alifariki mzee mmoja mpiga inanga. Vijana wawili wana nyimbo zake katika simu zao, nami niliomba kuzisikiliza. Wimbo mmoja umekatika katikati. Mwingine ulipitia WhatsApp, na jina lake ni AUD na tarakimu nyingi, basi. Jina la mzee halimo, wala la kijiji, wala maana ya maneno. Simu hiyo ikianguka kisimani je? Na isipoanguka, mtoto atakayeisikia sauti hiyo miaka ishirini ijayo atajuaje kuwa ni ya babu yake?

Wasomaji wasidhani haya ni matatizo ya kijijini tu. Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo leo ni TBC, kwa miaka mingi iliita bendi, kwaya na vikundi vya ngoma kuimba mbele ya vinasa sauti vyake, na mikanda ikajaa makabati. Lakini mkanda nao huzeeka: utando ushikao sauti hulegea, na mashine za kuupigia hazitengenezwi tena kwa wingi. Ndiyo maana mwaka 2012 kikundi kilichojiita Tanzania Heritage Project kilianza kuchangisha fedha ili muziki huo uhamishiwe katika kompyuta. Kazi hiyo haina njia ya mkato, kwani mkanda wa saa moja hapana budi upigwe saa nzima, na mtu akiwa ameketi akisikiliza. Sisi tuna bahati kubwa, maana sauti tutakazozichukua leo zaingia katika kompyuta moja kwa moja. Tukishindwa, tutakuwa tumeshindwa kwa uvivu.

Sasa mtazame Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 na kinasa sauti chake akichukua nyimbo za Wagogo, Wahaya na Wanyamwezi. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika ya Kusini. Kila wimbo aliufanyia kadi: nani ameimba, wapi, kwa chombo gani, kwa lugha gani. Kadi hizo ndizo zifanyazo nyimbo zile zipatikane hata leo. Naona ni aibu kidogo kwamba mgeni aliyekuwa na gari na mashine nzito alifanya uangalifu ambao sisi wenyewe, wenye simu mfukoni, hatuufanyi.

Basi shauri langu ni hili. Kompyuta mojawapo ya shule itengwe kwa nyimbo za wilaya yetu. Kila faili liitwe kwa jina la msanii, kijiji na tarehe, na liwe na ukurasa wake wenye maneno ya Kiha na maana yake kwa Kiswahili. Nakala ya pili iwe katika diski ikaayo jengo jingine, na ya tatu kwa Afisa Utamaduni wa Wilaya. Sauti isipitishwe WhatsApp kabla ya kuhifadhiwa, kwa kuwa huko huweza kupunguzwa.

Wako wazazi watakaosema tumeletwa shuleni kusoma, si kufuata ngoma. Nawaheshimu, lakini kuandika Kiha na kukifasiri ni kusoma, tena ni kazi ngumu kuliko insha nyingi nilizopata kuziandika. Shaka ya wazee ndiyo inipayo mawazo zaidi. Husema, "Mtachukua wimbo wangu, mwingine ale." Wana haki. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 yamlinda hata mwimbaji asiyejua kusoma, na uimbaji wake hauchukuliwi bila idhini yake. Kwa hiyo mzee aulizwe kwanza, na jibu lake liandikwe: wimbo usikilizwe na watu wote, au shuleni tu, au ufungwe kabisa. Akikataa, tumshukuru, tunywe maji, turudi nyumbani.

Likizo ya Juni yakaribia, na wengi wetu tutakuwa vijijini. Mwalimu wa Kiswahili amekubali kutupigia chapa karatasi za kujazia. Walio tayari wafike Kidato cha Tatu A siku ya Ijumaa baada ya vipindi, na kila mtu aje na daftari, si simu peke yake.